Nyama Iliyovuka Ikweta

Kwa karne nyingi bahari ilibeba chakula kilichokubali kukaushwa, kutiwa chumvi au kuchomwa moshi. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka Omani na Hadhramaut yaliteremsha tende na papa mkavu Lamu, Mombasa na Unguja, kisha yakangoja kusi yarudi na boriti za mikoko. Hakuna nahodha aliyefikiria kupakia samaki mbichi kwa safari ya wiki tatu. Katika bahari ya Atlantiki hali ilikuwa hiyo hiyo: baharia alikula nyama ya chumvi na biskuti kavu, na anayekwenda mbali zaidi alibeba mbuzi na kuku hai sitahani ili achinje njiani.

Wa kwanza kutajirika kwa baridi hakuuza chakula, aliuza barafu yenyewe. Frederic Tudor wa Boston, Marekani, alipeleka shehena yake ya kwanza kisiwani Martinique mwaka 1806, akaambulia hasara. Hakuacha. Mwaka 1833 merikebu Tuscany iliondoka na tani 180 hivi za barafu yake iliyokatwa kwenye maziwa ya Massachusetts wakati wa kipupwe, ikavuka ikweta mara mbili, na baada ya miezi minne ikateremsha Calcutta tani zipatazo 100. Siri yake ilikuwa maranda ya mbao na ufungaji wa makini. Tudor aliweza kuichelewesha barafu kuyeyuka, basi. Hakuwa na njia ya kutengeneza baridi mpya katikati ya bahari, na bila hiyo nyama isingeweza kusafiri miezi mitatu.

Hamu ya kuisafirisha nyama hiyo ilikuwa kubwa zaidi upande wa kusini wa dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 New Zealand ilikuwa na kondoo karibu milioni 13 na watu wasiofika laki sita. Kondoo walifugwa kwa ajili ya sufu. Mnyama aliyezeeka hakuwa na mnunuzi, kwa hiyo maelfu walichemshwa ili kupata mafuta ya mishumaa na sabuni, na nyama yao ikatupwa. Wakati huo huo, katika miji ya viwanda ya Uingereza, familia ya mfanyakazi iliona nyama mbichi siku chache tu za wiki, pengine Jumapili peke yake. Kati ya sufuria hizo mbili, moja iliyofurika na nyingine iliyo tupu, palikuwa na bahari ya siku mia moja, na sehemu kubwa ya njia hiyo ilipita kwenye joto la tropiki.

Wa mwanzo kulishambulia tatizo hili kwa ujasiri alikuwa mwandishi wa habari. James Harrison, Mskoti aliyehamia Geelong, Australia, alihariri na kumiliki gazeti la mji huo. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akisafisha herufi za chuma za kiwanda cha uchapaji kwa etha, aliona kuwa kila etha inapokauka chuma hubaki baridi. Kutokana na hilo alijenga, katika miaka ya 1850, mashine za kutengeneza barafu zilizofanya kazi kweli. Mwaka 1873 aliwaonyesha watu wa Melbourne nyama iliyokaa miezi katika hali ya kugandishwa, akapewa medali ya dhahabu, na mwezi Julai akapakia tani 20 hivi za nyama ya kondoo na ng'ombe katika merikebu Norfolk, iende London.

Hapo ndipo palipomponza. Mashine ilibaki nchi kavu. Ndani ya Norfolk kulikuwa na matangi yenye barafu na chumvi tu, na Harrison alitumaini kwamba akiba hiyo ingetosha hadi mwisho wa safari. Matangi yakavuja, barafu ikaisha, nyama ikaoza. Shehena yote ilitupwa, na mtu aliyekuwa amelielewa jambo hili mapema kuliko wengi alirudi kwenye kazi ya magazeti akiwa amefilisika. Nimeisoma habari yake mara nyingi na kila mara inaniuma, kwa sababu kosa halikuwa katika elimu yake. Nyama ile ilikuwa salama kwa wiki za mwanzo. Ilihitaji mtu na chombo cha kuendelea kuilinda.

Sydney nako, tajiri Thomas Sutcliffe Mort alitumia sehemu kubwa ya mali yake pamoja na mhandisi Mfaransa, Eugène Nicolle, kutengeneza mtambo wa kutumia amonia. Mwaka 1876 waliufunga ndani ya merikebu Northam. Kabla haijang'oa nanga mabomba yalivuja, nyama ikateremshwa, na chombo kikaenda zake bila shehena ile. Mort alifariki mwaka 1878.

Mwaka ule ule wa 1876 Mfaransa Charles Tellier alikuwa ameondoka Rouen na meli aliyoipa jina Le Frigorifique, yenye mashine ndani yake. Ilifika Buenos Aires siku ya Krismasi, baada ya zaidi ya miezi mitatu, na sehemu ya nyama iliyobebwa ilikuwa bado inalika. Tellier aliipoza nyama hadi karibu na nyuzi sifuri bila kuigandisha. Muda mfupi baadaye meli nyingine, Paraguay, ikitumia mtambo wa amonia wa Ferdinand Carré, iliigandisha nyama ikawa ngumu kabisa na kuleta Ufaransa kondoo wapatao 5,500 kutoka Argentina. Wataalamu waliridhika, lakini Wafaransa hawakuwa na njaa ya nyama ya ng'ambo, na mtaji haukupatikana. Tellier alikufa fukara jijini Paris mwaka 1913, wakati bandari za Argentina zilikuwa zimejaa meli za kubeba nyama iliyogandishwa.

Mtambo uliofungua njia ulitoka Glasgow. Ndugu wawili wa ukoo wa Bell, wafanyabiashara wa nyama, waliungana na mkemia Joseph James Coleman kutengeneza mashine isiyotumia etha wala amonia, ila hewa ya kawaida. Mvuke unazungusha pampu. Pampu inaishindilia hewa hadi inapata moto. Maji ya bahari yanaiondolea moto ule. Kisha hewa inaachiliwa itanuke ghafla, na katika kutanuka inapoteza joto hadi inashuka chini sana ya sifuri. Hewa hiyo ndiyo inayosukumwa kwenye ghala la nyama. Mashine hiyo ilikula makaa mengi, lakini ilikuwa na sifa ambayo mabaharia waliithamini: bomba likivuja, hewa tu ndiyo inayotoka, hakuna sumu wala mlipuko. Mwezi Februari 1880 meli ya mvuke Strathleven ilifika London kutoka Australia na tani 40 hivi za nyama iliyogandishwa kwa mtambo huu, nayo ikauzwa.

Kwa New Zealand, Strathleven ilikuwa habari njema yenye kasoro. Meli za mvuke zilizokwenda mbali kiasi hicho zilikuwa chache, na nafasi ndani yake ilikuwa ghali. Biashara ya visiwa vile ilibebwa na matanga. William Soltau Davidson, meneja mkuu wa kampuni moja ya Kiskoti iliyomiliki mashamba makubwa huko, aliamua kufanya jambo ambalo wengi waliliona la hatari: kufunga mashine ya mvuke ndani ya chombo cha tanga. Kampuni ya Albion Line ilikubali kumpa Dunedin, merikebu ya chuma iliyoundwa mwaka 1874, iliyozoea kuleta wahamiaji. Tangu hapo iliendeshwa na upepo huku bomba la moshi likichomoza kati ya milingoti yake, na tanuri la chini likifanya kazi moja tu, kutengeneza baridi.

Upande wa nchi kavu kazi ilisimamiwa na Thomas Brydone, msimamizi wa kampuni hiyo. Katika shamba la Totara, karibu na mji wa Oamaru, alijenga machinjio. Kondoo walichinjwa na kuchunwa hapo, wakapelekwa kwa treni hadi Port Chalmers, wakagandishwa ndani ya merikebu yenyewe, kila mmoja akashonewa mfuko wa amerikani na kupangwa chini. Upakiaji ulianza tarehe 7 Desemba 1881. Siku chache baadaye kranki ya mashine ilivunjika. Mamia ya kondoo waliokwisha kupangwa ikabidi watolewe na kuuzwa mjini kabla hawajaharibika, kisha kila kitu kikaanza upya.

Dunedin iliondoka tarehe 15 Februari 1882. Ndani yake mlikuwa na kondoo 4,331, wana-kondoo 598, nguruwe 22, mapipa madogo ya siagi, sungura, ndege wa kufugwa na wa mwituni, na ndimi za kondoo zaidi ya 2,000. Nahodha alikuwa John Whitson.

Katika bahari baridi za kusini mashine haikuhitaji kutumia nguvu nyingi. Cheche kutoka bomba la moshi ziliyatia matanga moto zaidi ya mara moja, mabaharia wakayazima. Balaa hasa lilikuja kwenye tropiki. Upepo ulikufa, merikebu ikawa inayumba mahali pamoja siku baada ya siku, na nahodha akagundua kwamba hewa ya baridi haisambai sawasawa ghalani. Penye mdomo wa bomba nyama ilikuwa ngumu; kwenye pembe za mbali joto lilikuwa linapanda. Katika hali kama hiyo, yale yaliyoipata Norfolk yalikuwa suala la saa.

Whitson hakumtuma mtu. Aliingia mwenyewe, kwa tumbo, ndani ya njia kuu ya hewa iliyo na baridi kali, akiwa na zana ya kutoboa, ili afungue matundu mapya yatakayoipeleka baridi kule isikofika. Alitoboa hadi mwili ukafa ganzi, akashindwa kusogea mbele wala kurudi nyuma. Msaidizi wake alitambaa kumfuata, akamfunga kamba miguuni, wakamvuta nje akiwa karibu kuganda. Matundu yalifanya kazi na baridi ikaenea.

Tarehe 24 Mei 1882, baada ya siku 98, Dunedin iliingia London. Nyama iliteremshwa kidogo kidogo na kuuzwa katika soko la Smithfield, katika majira ya joto. Kati ya maelfu yale ya kondoo, ni mmoja tu aliyekataliwa. Bei ilizidi mara mbili ya ile ya New Zealand, na baada ya gharama zote faida ilikuwa paundi 4,700. Katika miaka mitano iliyofuata, shehena 172 za nyama iliyogandishwa ziliondoka New Zealand kwenda Uingereza, na ni 9 tu zilizopata uharibifu mkubwa. Takwimu hiyo, kwangu, ni kubwa kuliko ushujaa wa Whitson. Inaonyesha kwamba walikuwapo mamia ya watu wasiotajwa popote, wachochea makaa, mafundi wa pampu, wapimaji wa joto wa zamu ya usiku, waliofanya kila siku bila kosa kile ambacho nahodha alikifanya mara moja kwa kuhatarisha maisha.

Dunedin yenyewe haikuzeeka. Mwezi Machi 1890 ilitoka Oamaru na shehena nyingine, ikiwa na watu 34, na haikuonekana tena. Inadhaniwa ilizama katika bahari chafu za kusini, njiani kuelekea Cape Horn.

Mtu anayesimulia habari hii New Zealand kwa kawaida huishia kwenye ushindi: wakulima wadogo waliopata kisomo na nyumba kutokana na siagi na nyama, viwanda vya kugandishia vilivyozaa miji. Hayo ni kweli. Lakini nyama huota juu ya nyasi, na nyasi huota juu ya ardhi ya mtu. Mwaka 1848 Serikali ya Uingereza ilichukua kutoka kwa Ngāi Tahu, wenyeji wa Kisiwa cha Kusini, eneo la takriban ekari milioni 20 kwa paundi 2,000, kwa ahadi ya kuwatengea ardhi ya kutosha ambayo haikutimizwa. Eneo la shamba la Totara limo humo. Katika Kisiwa cha Kaskazini ardhi nyingine ya Wamāori ilinyang'anywa baada ya vita vya miaka ya 1860. Kabla ya 1882 thamani ya ardhi hiyo ilikadiriwa kwa sufu. Baada yake ilikadiriwa kwa sufu, nyama na siagi kwa pamoja, na misitu mikubwa ikachomwa ili majani ya malisho yaenee. Serikali ya New Zealand ilimaliza shauri la Ngāi Tahu mwaka 1998, kwa kuomba radhi rasmi na fidia ya dola milioni 170 za nchi hiyo. Meli za baridi hazikuanzisha dhuluma hiyo, lakini ziliifanya iwe na faida nono kiasi kwamba kuirekebisha kukachukua vizazi.

Nchi yenyewe nayo ikajifunga kwa mteja mmoja. Uingereza ilipoingia katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya mwaka 1973, wafugaji waliokuwa wakilisha meza za London kwa miaka 90 waliambiwa, kwa lugha ya upole, watafute soko lingine.

Nyama iliyogandishwa ni kitu kilichokufa, na hilo ndilo lililorahisisha kazi. Tunda liko hai hata baada ya kuchumwa: linapumua, linatoa joto lake lenyewe, na linatoa gesi ya ethilini inayoamsha matunda jirani yaive. Ukiligandisha umeliua. Mwaka 1892 pichi za Afrika Kusini zilifika Uingereza salama katika meli Drummond Castle, na kuanzia 1901 ndizi za Jamaica zikaanza kwenda Uingereza kwa meli zenye mitambo. Kila tunda likadai baridi yake. Ndizi huumia chini ya nyuzi 13 hivi. Tufaha hustahimili karibu na sifuri. Cambridge, katika miaka ya 1920, Franklin Kidd na Cyril West walionyesha kwamba ukipunguza oksijeni na kuongeza kaboni dioksidi ghalani, tunda hupumua polepole na kuzeeka polepole. Baadhi ya kontena zinazobeba matunda leo zinafuata kanuni yao.

Kontena zenyewe zilichelewa kuingia katika kazi ya baridi. Mmarekani Malcom McLean aliondosha kontena 58 kutoka Newark juu ya meli Ideal X mwaka 1956, lakini kwa miaka mingi baadaye nyama na matunda yaliendelea kupakiwa kwa mikono, boksi moja moja, milango ya ghala ikiwa wazi kwa saa nyingi huku makuli wakihema mvuke. Mwaka 1969, katika njia ya Australia na Ulaya, zilianza kutumika kontena zenye matundu mawili mbele, zilizounganishwa na mabomba ya hewa baridi ya meli. Baadaye kila kontena likapewa mashine yake, likahitaji kuchomekwa umeme tu. Chombo kikubwa kisicho na mtambo wowote wa ghala kikaweza kubeba kontena moja la kamba waliogandishwa nyuzi 18 chini ya sifuri na jirani yake la maua juu ya sifuri.

Hapo ndipo pwani yetu ilipoingia kwa uzito. Kontena la parachichi linaloshuka kutoka Njombe au Murang'a hadi Mombasa au Dar es Salaam hubebwa na lori lenye jenereta, huchomekwa kwenye umeme wa bandari, kisha wa meli, na kifaa kilicho ndani huandika joto la kila saa hadi mlango ufunguliwe Rotterdam. Wengi hudhani mashine ile hulipoza tunda. Haiwezi, au huweza kwa shida. Imeundwa kuitunza baridi iliyokuwepo. Parachichi linalochumwa saa nane mchana na kulala kwenye kreti juani linapaswa kutolewa joto hilo katika chumba cha baridi kabla ya kupakiwa, likashushwa hadi nyuzi 5 au 6 hivi. Likiingia kontenani na moto wa shamba, litaiva baharini, na hakuna rekodi nzuri ya kifaa itakayoliokoa. Likichumwa changa, litafika gumu na kunyauka bila kuiva; ndiyo maana Kenya husimamisha kupeleka parachichi kwa bahari karibu na mwisho wa kila mwaka, hadi matunda ya msimu mpya yakomae.

Safari hiyo ilikuwa ikichukua karibu mwezi mmoja kupitia Bahari ya Shamu na Mfereji wa Suez. Tangu mwishoni mwa 2023, meli ziliposhambuliwa katika Bahari ya Shamu, kampuni nyingi zilizigeuza zipite Rasi ya Tumaini Jema, na wiki mbili hivi zikaongezeka. Wiki mbili kwa kontena la nyama ni gharama ya umeme. Kwa parachichi ni sehemu kubwa ya umri uliobaki. Mnunuzi wa Ulaya aliyefungua mlango akakuta matunda laini alipunguza bei au alikataa mzigo, na mara nyingi mauzo haya hufanyika kwa makubaliano kwamba malipo yatajulikana baada ya tunda kuuzwa. Hasara ikapanda mlima tena, kutoka bandarini hadi kwa msafirishaji, kutoka kwake hadi kwa mwenye miti 30 nyuma ya nyumba.

Brydone alijenga machinjio yake shambani, kando ya reli, kabla merikebu haijafika. Wakulima wengi wa nyanda zetu za juu bado wanachuma leo na kusubiri lori hadi kesho, na chumba cha baridi kilicho karibu zaidi kipo wilaya nyingine. Fedha nyingi zimekwenda bandarini, kwenye soketi za umeme na winchi mpya, na zilihitajika. Lakini saa 12 za mwanzo za tunda hupita mbali na bandari, katika kibanda cha kukusanyia chenye paa la bati, na huko ndiko vyumba vya baridi na umeme usiokatika vinapaswa kujengwa sasa, kabla ya msimu ujao wa Machi.